Aqua Mtaani: Betri Kubwa Inasingiziwa Mengi

 Mazungumzo ya leo yanawahusu hasa ninyi mliokwama kwenye foleni. Ni mazungumzo juu ya gari dogo la haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na namna watu wanavyoishi nalo siku hadi siku baada ya kulitoa bandarini. Gari jipya la dukani tuliache kando. Tunalizungumzia lile lililokwisha kutumika Japani, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam au Mombasa, na sasa linampeleka mtu kazini, mtoto shuleni na mzigo wa sokoni nyumbani.

Haibridi ndogo zipo za aina kadhaa. Ipo Honda Fit, ipo Nissan Note ya e-Power, na zipo nyingine. Leo tukamate moja tu, Toyota Aqua. Nairobi na Mombasa imejaa, na wengi wanaitumia kama teksi ya kuitwa kwa simu. Dar es Salaam mfalme wa barabara bado ni Toyota IST, lakini Aqua nayo imeanza kuonekana kila mtaa. Swali linaloulizwa kila inapotajwa ni lilelile: "Na betri yake ikifa, itakuwaje?"

Swali hilo ni la haki. Mtu anaweka akiba ya miaka kwenye gari, lazima aulize. Ila kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo: hofu ya wengi iko kwenye betri kubwa, wakati yanayowaangusha wengi yako kwingine.

Kwanza, gari lenyewe limetoka wapi? Aqua ilizinduliwa Japani mwishoni mwa Desemba 2011. Ilikuwa inatengenezwa mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, eneo lililopigwa na tetemeko na tsunami Machi mwaka huohuo. Wajapani waliipokea kwa mikono miwili. Katika miaka ya 2013, 2014 na 2015 iliongoza orodha ya magari yaliyouzwa zaidi nchini kwao, ukiacha yale madogo kabisa ya daraja la kei. Ndiyo maana minada ya Japani imejaa Aqua, na ndiyo maana bei yake inafikika huku kwetu. Marekani iliuzwa kwa jina la Prius C.

Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,496, na hapa pana habari njema kwa wenye mashaka. Ni ndugu wa damu wa injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi za hapa mjini. Fundi aliyezoea IST akifungua boneti ya Aqua, nusu ya anayoyaona anayafahamu. Nusu ya pili ndiyo mpya kwake.

Sasa twende barabarani. Mchukue mtu wa Dar es Salaam anayekaa Kimara na kufanya kazi Posta. Asubuhi anabonyeza kitufe cha kuwashia, na hakisikiki chochote. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya kijani yenye neno READY. Gari limewaka. Anaweka D, anaachia breki, gari linateleza taratibu kuelekea lami bila injini kunguruma. Injini inaamka baadaye kidogo, inapasha moto, kisha inazimika tena mwenyewe akisimama. Akifika Ubungo kwenye foleni, magari yote yaliyomzunguka yanaunguza petroli yakiwa yamesimama. Lake limekaa kimya. Foleni ikisogea hatua tano, linasogea kwa umeme. Likisimama tena, linanyamaza tena. Akikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta, na ile nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingeishia kuwa moto wa breki inarudi kwenye betri.

Kwa hiyo, haibridi inabana mafuta wapi hasa? Mjini. Tena mjini kwenye foleni, siyo safarini. Vipimo rasmi vya Marekani viliipa Prius C maili 53 kwa galoni mjini na 46 barabara kuu. Kwa hesabu za kwetu ni kama kilomita 22 na nusu kwa lita mjini, na kama 19 na nusu safarini. Magari ya kawaida ni kinyume chake: yanakunywa zaidi mjini, yanakunywa kidogo safarini. Mtu anayeshinda barabara ya Chalinze kila siku kwa mwendo mmoja asitegemee maajabu. Anayeshinda Manzese, Magomeni na Kariakoo ndiye gari hili limetengenezwa kwa ajili yake.

Ipo namba nyingine ambayo wauzaji wanaipenda: kilomita 35.4 kwa lita. Namba hiyo ni ya kweli, lakini ilipatikana kwenye kipimo cha maabara cha Kijapani, gari likizunguka juu ya roli kwa utaratibu uliopangwa. Haikupatikana kwenye joto la Dar, AC ikiwaka, abiria wanne ndani na tairi zina upepo pungufu. Anayenunua kwa kuamini namba hiyo atajiona ametapeliwa na gari ambalo halina kosa. Ukipata kilomita 20 kwa lita katika misukosuko ya jiji letu, umepata gari zima.

Na 20 ni nyingi kiasi gani? Tuhesabu pamoja, hesabu nyepesi. Huyo wa Kimara anatembea kilomita 30 na ushei kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa wiki ya siku sita ni kama kilomita 200. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 20. Aqua inayokwenda 20 itakula lita 10. Lita 10 zimebaki mfukoni kila wiki. Kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Tanzania, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza, kila mtu anazidisha mwenyewe. Wanaokumbuka 2022, lita ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 hapa Dar, na wenzetu wa Nairobi wanaokumbuka Septemba 2023 ilipovuka shilingi 200 za kwao, hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa dereva wa teksi, lita hizo ni karo ya mtoto.

Basi turudi kwenye betri, maana ndipo watu wanapokwama.

Betri kubwa ya Aqua ya toleo la kwanza ni ya aina ya nikeli, volti 144. Imekaa chini ya kiti cha nyuma. Ndani yake kuna vipande 20 vilivyopangwa bega kwa bega kama vitabu kwenye rafu, na kila kipande kina seli sita. Haichomekwi ukutani. Inachajiwa na injini na breki, na kompyuta ya gari hairuhusu ijae kabisa wala iishe kabisa. Inaiweka katikati siku zote. Huko kuwekwa katikati ndiko kunakoipa umri mrefu.

Mrefu kiasi gani? Mwaka 2011 jarida la Marekani la Consumer Reports lilichukua Toyota Prius ya 2002, haibridi iliyoitangulia Aqua, iliyokuwa imetembea zaidi ya maili 200,000, yaani zaidi ya kilomita 320,000, ikiwa na betri yake ya kiwandani. Wakaipima na kulinganisha na vipimo walivyochukua kwenye Prius mpya ya aina hiyohiyo miaka kumi nyuma. Ulaji wa mafuta ulikuwa karibu uleule. Huo ni ushahidi wa kupimwa, haukutoka kijiweni.

Msikilizaji makini atauliza: mbona basi mitaani zinakufa? Zinakufa, ndiyo. Na mara nyingi muuaji wake ni joto.

Hapa tukae kidogo. Betri hiyo inapozwa na feni. Feni inavuta hewa ya ndani ya gari, hewa ileile anayovuta abiria, kupitia tundu lenye matundu madogomadogo lililo chini ya kiti cha nyuma, upande mmoja. Wengi wamemiliki gari kwa miaka bila kujua kuwa lile tundu ni la kazi. Wanaliegemezea mfuko wa mchele. Wanaliziba kwa kitambaa kipya cha viti. Mtoto anadondoshea makombo ya biskuti. Na vumbi, wasikilizaji! Vumbi la Goba, vumbi la Chanika, vumbi la Dodoma wakati wa upepo. Vioo vikifunguliwa, lote linapita humo. Fundi akitoa kiti na kufungua feni ya gari lililokaa miaka mitatu huku, anakuta mapezi yamevaa blanketi la kijivu: vumbi lililoshikana na nywele na nyuzi za mazulia. Feni inazunguka, lakini hewa haipiti. Betri inachemka mchana kutwa kwenye foleni, na kipande kimoja kati ya vile 20 kinaanza kulegea kabla ya wenzake.

Kuisafisha ni kazi ya saa moja au mbili kwa fundi anayejua, na gharama yake haifanani hata kidogo na bei ya betri. Kwa mazingira yetu, kuifanya kila mwaka ni busara; kwa teksi, mara mbili kwa mwaka. Katikati ya hapo, dalili ipo ya kusikiliza. Ukiwa umesimama kwenye mataa, injini imezimika, ukasikia feni inavuma kwa nguvu nyuma ya mgongo wako kila siku, hata siku isiyo na joto kali, mpelekee fundi aiangalie.

La pili linaloiua betri ni mazoea. Madereva wengi wa gari la otomatiki, foleni ikisimama, wanatoa D wanaweka N ili kupumzisha mguu. Kwenye IST halina madhara makubwa. Kwenye Aqua, gia ikiwa N, mfumo hauchaji betri kubwa hata injini ikiwaka. AC inaendelea kunyonya umeme, taa zinanyonya, na mshale wa betri unashuka. Mtu anakaa N nusu saa pale Jangwani, kisha analalamika betri imechoka. Dawa ni rahisi: acha D na ukanyage breki, au kama ni kusimama kwa muda mrefu weka P.

La tatu: kuishiwa petroli. Wapo wanaosema, "Hata mafuta yakiisha nitafika sheli kwa umeme." Msijaribu. Gari litasogea kidogo tu, litaimaliza betri kubwa, kisha litagoma. Betri hiyo ikishuka chini kabisa huwezi kuichaji kwa vifaa vya kawaida vya gereji. Tangi la Aqua ni la lita 36. Taa ikiwaka, tafuta sheli.

Hadi hapo tumezungumzia betri kubwa. Na ile inayowaacha watu barabarani je?

Hiyo ni betri ndogo. Wengi hawajui hata kama ipo. Aqua ina betri ya kawaida ya volti 12, nayo pia imefichwa nyuma, chini ya kiti, haiko kwenye boneti. Kazi yake ni kuamsha kompyuta. Ikilala, betri kubwa hata ikiwa imejaa haina msaada, maana hakuna wa kuiamuru. Hapo ndipo mtu anapoamka alfajiri, anabonyeza rimoti, mlango haufunguki. Akifanikiwa kuingia, taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja, zinapepesa, zinazima. READY haitokei. Anapiga simu, na jirani mwenye maneno mengi anamwambia: "Nilikuonya, haibridi hiyo. Betri imekufa, andaa mamilioni." Kumbe betri iliyokufa ni ndogo, ya bei ya kawaida ya betri za gari.

Inakufaje? Mara nyingi kwa ukimya wa gari lenyewe. Mtu anamsubiri mwenzake nje ya benki, amebonyeza kitufe mara moja au mbili bila kukanyaga breki. Redio inaimba, skrini inang'aa, naye anaamini gari limewaka. Halijawaka. Bila READY, betri kubwa haiichaji ndogo. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano, mwishoni inasalimu amri. Na gari likiachwa wiki tatu bila kuguswa, mwenyewe amesafiri kwenda kuzika au likizo, linalala vilevile.

Kwa hiyo mambo mawili ya kujua kabla ya siku hiyo kufika. La kwanza, ndani ya ule ufunguo wa kielektroniki kuna ufunguo mdogo wa chuma. Uchomoe leo, ujaribu kwenye mlango wa dereva. La pili, kubusti, yaani kuazima umeme wa gari jingine. Ndani ya boneti, kwenye kisanduku cha fyuzi, kuna ncha maalumu yenye kifuniko chekundu kilichoandikwa alama ya kujumlisha. Waya mwekundu unakwenda hapo. Mweusi unakwenda kwenye chuma kitupu cha gari. Zingatieni sana, maana kugeuza waya hizo mbili kunaweza kuunguza vifaa vya kielektroniki ambavyo bei yake itamfanya mtu auze gari. Umeme unaohitajika ni kidogo, kwa kuwa hakuna starta ya kuzungusha injini kama kwenye magari mengine. Na Aqua isitumike kumbusti mtu mwingine, hata kama ni shemeji. Mwambie kwa upole atafute gari jingine.

Betri hiyo ndogo, kwa sababu inakaa ndani ya gari pamoja na abiria, ina mrija wa kupeleka gesi nje. Muuza betri akikuwekea yoyote iliyopo dukani bila mrija huo, amekuwekea hatari chini ya watoto. Ulizeni.

Tuje kwa mafundi. Mafundi wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, kama walivyo wenzao wa Kirinyaga Road kule Nairobi, wana akili na mikono ambayo nchi tajiri zingeilipia ghali. Gari ambalo kitabu chake ni cha Kijapani wamelifungua, wamelielewa na wamelirudisha barabarani. Wanastahili heshima. Lakini haibridi ina miiko yake, na mwenye gari akiijua anamsaidia fundi wake.

Mwiko wa kwanza ni nyaya za rangi ya chungwa. Ndizo zinazobeba umeme mkubwa: kule ndani kifaa kiitwacho inveta kinaupandisha umeme wa volti 144 hadi kufikia volti 520. Huo unaua. Fundi wa kweli anachomoa kwanza plagi ya usalama, anavaa glavu za mpira za umeme, na anasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Ukimwona fundi anaziingilia nyaya hizo kwa bisibisi na mikono mitupu, mzuie, kwa ajili ya uhai wake kabla ya gari lako.

Mwiko wa pili unawapita hata mafundi wazuri: AC. Kompresa ya Aqua haizungushwi na mkanda wa injini, inazungushwa na umeme ule mkubwa. Kwa hiyo mafuta yake ya kulainisha ni maalumu, yasiyopitisha umeme. Fundi wa AC wa kawaida akija na mtungi wake anaotumia kwa magari yote, akaingiza gesi pamoja na mafuta ya kawaida, umeme unaweza kuvuja ndani ya kompresa. Taa zinawaka na gari linagoma kuwaka. Na lawama? Inapelekwa tena kwa betri kubwa. Kabla hajafunga mpira wa gesi, mwulize: hii ni haibridi, unatumia oili gani ya kompresa? Akisita, ondoka na joto lako, utafute mwingine.

Mengine ni mafupi. Injini inataka oili nyepesi, 0W-20, siyo ile nzito iliyozoeleka gereji nyingi. Kuna vyombo viwili vya maji ya kupozea, kimoja cha injini na kingine cha inveta. Vyote vinataka kuleanti, siyo maji ya bomba. Chujio la hewa nalo kwa vumbi letu liangaliwe mara kwa mara.

Breki zinahitaji maelezo kidogo. Pedi za Aqua zinadumu muda mrefu kuliko za magari mengi, kwa sababu mota inafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Ukifungua mlango wa dereva asubuhi unasikia mlio mfupi wa pampu nyuma ya dashibodi. Hiyo ni breki inajiandaa, ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni pampu inayolia kila baada ya sekunde chache bila kukoma, au taa nyekundu ya breki pamoja na kengele. Hapo gari lisiendelee na safari. Na mnaorudi kutoka Iringa, mkianza kuteremka mlima Kitonga, tumieni gia ya B, ile ya miteremko. Betri itajaa mapema njiani, kisha injini itaanza kunguruma ingawa mguu hauko kwenye mafuta. Wengine wanashtuka. Gari linatumia injini kujizuia, ili breki zisiungue.

Udhaifu ambao hakuna fundi wa kuuondoa ni kimo. Tumbo la Aqua liko sentimita 14 hivi kutoka ardhini. Barabara za ndani za Mbezi wakati wa masika zinajua kulikwangua. Na kwa kuwa betri zote mbili zimekaa chini ya kiti, maji yakiingia ndani ya gari yanazikuta. Maji yakifurika barabarani, mwenye Aqua asimfuate mwenye Prado. Ageuze.

Aqua pia ni kimya mno kwenye mwendo mdogo. Ina kisauti cha kuwaonya waenda kwa miguu, lakini kwenye kelele za bodaboda na spika za matangazo hakifui dafu. Kwenye vichochoro vya uswahilini, ambako watoto wanachezea njiani, dereva achukulie kwamba hajasikika.

Na jambo dogo linalowahusu wapenda redio. Redio za Kijapani kwenye FM zinaanzia megahezi 76 na nyingi zinaishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Yapo magari mengi ambayo mwenyewe anazungusha kitufe anaambulia mluzi. Mafundi redio wanafunga kifaa kidogo kinachohamisha masafa, na stesheni zinasikika.

Sasa, kwa anayetaka kununua. Kwanza, usinunue kwa kuliendesha dakika tano kwenye yadi. Wapo wauzaji wanaofuta makosa kwenye kompyuta ya gari asubuhi ili taa zisiwake mteja akija. Makosa hayo yakifutwa hayarudi papo hapo. Yanarudi baada ya gari kutembea. Liendeshe nusu saa na zaidi, AC ikiwa kwenye baridi ya mwisho, panda kilima ukipata, kaa kwenye foleni, ndipo fundi achomeke mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Aangalie volti za vipande vya betri, gari likiongeza mwendo na likifunga breki. Vikipanda na kushuka pamoja, betri ina afya. Kimoja kikishuka peke yake kwa mbali, hapo una hoja ya kupunguziwa bei, au ya kuondoka. Angalia mshale wa betri pia: unaojaa upesi na kuisha upesi, ndani ya dakika chache, ni wa betri iliyochoka.

Na ikiwa kipande kimoja kimekufa, je, ubadilishe kimoja au betri nzima? Mafundi wengi watakwambia kimoja kinatosha, na ni rahisi kweli. Gari litawaka, taa zitazima. Lakini vile 19 vilivyobaki vina umri mmoja na vimepikwa joto moja. Baada ya miezi kadhaa kingine kinafuata, halafu kingine. Kwa anayetaka kukaa na gari, ni afadhali fundi avipime vyote kwa mzigo, aondoe kila kilicholegea, avilinganishe vilivyobaki, na asafishe feni siku hiyohiyo. Akirudisha betri bila kugusa feni, ugonjwa ameuacha pale pale. Kwa anayelifanyia biashara ya teksi, gari likilala siku moja ni siku moja bila mkate, na kwake betri nzima yenye dhamana ya maandishi ina maana zaidi kuliko vipande vya kubahatisha.

Dhamana hiyo iandikwe: miezi mingapi, inahusu vipande vyote au kile kilichobadilishwa tu, na nani anagharamia kazi ya kufungua kama tatizo likirudi. Jina la gereji, tarehe, sahihi, na kilomita zilizosomeka siku hiyo.